Shangazi, nina vyeti tele lakini sina nilichowahi kufanya

Shikamoo Shangazi,

Ninasoma sosholojia na nimemaliza mwaka wa pili. Likizo ndefu imeanza, nina karibu miezi mitatu mbele yangu. Tangu muhula uliopita nimekuwa nikituma maombi ya mafunzo kwa vitendo kwenye mashirika na ofisi mbalimbali. Wachache walijibu kwamba nafasi zimejaa, wengi hawakujibu kabisa. Rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja chuoni anasoma uhasibu, na yeye amepata nafasi benki. Kila jioni ananitumia picha akiwa na kitambulisho shingoni. Ninampongeza, lakini nikishaweka simu chini moyo unaniuma.

Likizo iliyopita sikukaa bure. Nilisoma kozi za mtandaoni moja baada ya nyingine: uongozi, masoko ya kidijitali, usimamizi wa miradi, hata utangulizi wa akili bandia. Vyeti ninavyo. Juzi kwenye usaili wa simu niliulizwa, "Katika haya yote uliyosoma, ni lipi umewahi kulifanyia kazi?" Nikashikwa na kigugumizi. Nafasi ikapita.

Sasa kila mtu ananiambia nijifunze kuandika programu za kompyuta kwa sababu sosholojia "haina kazi". Nimeanza kujifunza Python zaidi ya mara moja, na kila mara ninakwama masomo ya mwanzo. Baba anasema nipumzike tu, masomo yanachosha. Baba mdogo kila akija anauliza, "Kwani ukimaliza utakuwa nani?" Nyumbani nina wadogo zangu wa kuwaangalia, kwa hiyo nusu ya siku si yangu. Simu ninayo nzuri, kompyuta tunatumia kwa zamu, na bando ni la kubana.

Nina akiba kidogo. Kuna kozi ya uchambuzi wa data yenye cheti inayotangazwa kila nikifungua simu. Niilipie? Au nifanye nini na miezi hii ili nikiulizwa tena lile swali niwe na la kusema?

Mwenye Vyeti

*

Marahaba mwanangu,

Huyo aliyekuhoji kwa simu amekufanyia hisani, ingawa siku ile hukuiona. Waajiri wengi huwa na swali hilohilo moyoni na hawalitamki. Wanaufunga wasifu wako na kupita kwa mwingine. Cheti kinasema ulisoma. Yeye alitaka kujua umewahi kumfanyia nani nini.

Kwa hiyo likizo hii usitafute cha kusoma. Tafuta kazi moja ndogo, yenye mtu halisi anayeihitaji, uifanye mpaka mwisho na kuikabidhi mkononi mwake. Moja tu. Hata kama itakuwa na dosari.

Kwanza tumalize hili la Python. Kuandika programu ni fani nzuri, na anayeipenda aitumie likizo yake yote huko bila kuomba radhi kwa mtu. Wewe unakwama masomo ya mwanzo kwa sababu huna unachotaka kukitengeneza nayo, na chombo kisicho na kazi hakishikiki. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Fani unayo tayari: kuuliza watu maswali kwa namna ambayo majibu yake yanaaminika. Ni ujuzi adimu kuliko unavyodhani. Ona madodoso yanayozunguka kwenye simu za watu, utalia.

Na hapa ninashuku kosa la utafutaji wako. Ukitafuta tangazo linalosema "anatakiwa msosholojia" utazeeka. Kazi yenyewe ina majina mengine: ufuatiliaji na tathmini, utafiti wa soko, utafiti wa watumiaji kwenye kampuni za teknolojia, uratibu wa takwimu za mradi, uhusiano na jamii. Tenga jioni moja usome matangazo ya namna hiyo, hata yale yanayotaka uzoefu wa miaka mitano. Usiyaombe. Andika tu vitenzi vinavyojirudia: kuandaa dodoso, kuhoji, kusafisha data, kuandika ripoti, kuwasilisha. Huo ndio mtaala wako wa miezi mitatu.

Sasa kazi yenyewe. Karibu na ulipo hapakosi mahali panapohudumia watu: maktaba, zahanati, shule, klabu ya michezo, chama cha ushirika, nyumba ya ibada. Kila mahali pa namna hiyo kiongozi wake ana swali linalomkera na hana muda wa kulifuatilia. Mkutubi anajiuliza kwa nini vijana hutoweka mitihani ikiisha. Kocha anataka kujua kwa nini wasichana huacha mazoezi baada ya miezi michache. Nenda kwa miguu ukamsalimie, kisha umwachie ujumbe mfupi wa namna hii:

"Mimi ni mwanafunzi wa sosholojia, mwaka wa pili. Nina likizo na ningependa kuwasaidia kujibu swali moja kuhusu wasomaji wenu, kwa mfano kwa nini baadhi yao wameacha kuja. Nitaandaa maswali, mtayapitia kwanza, nitahoji watu, na kabla likizo haijaisha nitawaletea ripoti fupi. Sihitaji malipo wala ofisi. Ninahitaji ruhusa yenu, na nusu saa ya kuelezwa mnachotaka kujua."

Ona kwamba hujaomba nafasi. Umetoa kitu, chenye mwanzo na mwisho. Wa kwanza akikataa nenda kwa wa pili. Mkuu wa mahali anaweza kukataa kwa sababu zisizokuhusu kabisa, kama vile kuogopa kwamba ripoti itamchongea kwa wakubwa zake. Ndiyo maana umemwahidi kuyapitia maswali kwanza.

Akikubali, hapo ndipo elimu inapoanza, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wengi huharibu. Tuseme ni maktaba. Jambo la kwanza litakalokujia ni kusimama mlangoni na kuwahoji wanaoingia. Utapata majibu mazuri sana kutoka kwa watu ambao hawajaacha kuja! Waliotoweka ndio wenye jibu, na hawapo mlangoni. Itabidi uwafuate: kupitia marafiki zao wanaokuja, kupitia shule, kupitia tangazo la mkutubi mwenyewe. Jinsi ulivyotatua hilo ndiyo hadithi utakayoisimulia kwenye usaili wowote ujao, kwa sababu inaonyesha unavyofikiri.

Kisha maswali. "Unaridhika na usafi na huduma zetu?" ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na mtu akijibu hapana hutajua amekasirikia sakafu au mhudumu. "Huoni kwamba maktaba inafungwa mapema mno?" linamwekea mtu jibu mdomoni. Andika machache, kumi au kumi na mawili, uwajaribie watu watano wasiohusika, ukae kimya uwatazame wanapokunja uso. Panapokunjwa uso pana kasoro. Rekebisha, kisha anza.

Bando lisikutishe. Kuna mfumo wa bure uitwao KoboToolbox unaotumiwa sana na mashirika ya misaada. Unaunda dodoso, unalipakia kwenye simu, unahoji watu bila mtandao, na majibu unayatuma baadaye ukipata intaneti. Ukiufahamu huo, tayari una jambo ambalo matangazo mengi ya ufuatiliaji na tathmini huliomba kwa jina. Kompyuta ya zamu itakuhusu mwishoni tu, kwenye uchambuzi. Wahoji kwa ridhaa yao, usichukue majina wala namba za simu pasipo sababu, na ukihoji watoto pata idhini ya wazazi. Ukichagua zahanati, uliza habari za foleni na saa za kufungua, usiguse kabisa habari za ugonjwa wa mtu. Huko kuna kanuni za maadili na vibali, na sitaki uanze kazi kwa kuvunja siri za watu.

Majibu yakifika, fungua Excel, au LibreOffice Calc ambayo ni ya bure, ujifunze kitu kimoja vizuri: jedwali egemeo (pivot table), lile linalokuhesabia wangapi walisema nini kwa umri au kwa jinsia bila wewe kuhesabu kwa kidole. Usijipambe kwa desimali. Ukihoji watu 40 na 21 wakasema saa za kufunga ndizo zinazowakwaza, andika "21 kati ya 40". Anayeandika "asilimia 52.5" kwa watu 40 anajaribu kuonekana mkubwa, na msomaji mzoefu hugundua. Watu 40 uliowafikia kwa kuulizia hawasemi kwa niaba ya mji mzima pia. Liandike hilo wazi kwenye ripoti, halitakushusha.

Ripoti yenyewe iwe ya kurasa nne au tano, na jibu likae ukurasa wa kwanza. Chuo kimekuzoesha kuanza na usuli, nadharia, mapitio ya maandiko, halafu matokeo ukurasa wa thelathini. Mkutubi hana muda huo. Aya ya kwanza imwambie: hiki ndicho kinachowafukuza, na hiki ndicho mnachoweza kubadili bila gharama. Kisha omba dakika kumi umweleze yeye na wenzake ana kwa ana. Kusimama mbele ya watu wazima wenye kazi zao na kujibu "una uhakika gani?" hakuna kozi ya mtandaoni itakayokufundisha.

Na ikiwa baada ya hapo kompyuta itakuita yenyewe, pakua R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia data, ni ya bure na imetengenezwa na watu wa takwimu kwa ajili ya takwimu. Anza na data yako mwenyewe. Utashangaa utakavyokuwa na subira, kwa sababu safari hii unatafuta jibu unalolihitaji.

Ukikataliwa kila mahali, Benki ya Dunia imefungua hazina yake ya takwimu bure kwa umma tangu mwaka 2010. Chagua swali moja, nchi mbili tatu, uchore grafu tatu na kuandika ukurasa mmoja wa maelezo. Lakini hilo liwe chaguo la pili. Takwimu za mtandaoni hazikubishii, hazikuahirishii miadi, wala hazitakutambulisha kwa mtu.

Na watu ndio nusu ya habari hii. Nina hakika umeshamsoma mwanasosholojia Mark Granovetter darasani, ukamjibia mtihani na kumsahau. Mwaka 1973 alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano hafifu. Katika mji mmoja nje ya Boston, Marekani, aliwauliza watu waliopata kazi mpya kupitia mtu wanayemjua: wakati ule mlikuwa mkionana naye mara ngapi? Ni asilimia 16.7 tu waliosema mara kwa mara. Asilimia 55.6 walisema mara mojamoja, na 27.8 walisema kwa nadra. Sababu yake unaijua: marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua, na watu wa mbali kidogo wana habari za kwingine. Mwaka 2022 watafiti waliotumia data za watu zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, walikuta picha inayokaribiana na hiyo: mahusiano hafifu kiasi ndiyo yaliyosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya.

Sasa tazama likizo yako kwa jicho hilo. Ukijifungia na kozi, utaimaliza ukiwajua watu walewale uliowajua ulipoianza. Ukifanya kazi ya maktaba utakuwa umemjua mkutubi, walimu wa shule mbili tatu, labda na diwani aliyetaka kuiona ripoti. Ongeza hapo waliomaliza idara yako miaka michache iliyopita. Waandikie wachache, uwaombe dakika ishirini za kuwauliza kuhusu kazi yao: siku yao ikoje, nini hawakukitarajia, wao walianzia wapi. Usiwaombe kazi. Anayeombwa kazi hujihami, anayeulizwa habari zake hufunguka, na mara nyingi mwishoni husema mwenyewe, "Ngoja nikuunganishe na fulani."

Hata baba yako mdogo, mwanangu, ni uhusiano hafifu! Unaona anakusumbua. Akija tena na lile swali lake mwambie: "Kwa sasa ninafanya utafiti kwa ajili ya maktaba, ninataka kujua kwa nini vijana wameacha kwenda. Baba mdogo, unamjua mtu anayefanya kazi ya takwimu au tathmini ya miradi?" Kuna mawili. Ama atakutajia mtu, ama ataacha kuuliza. Yote ni faida.

Kuhusu muda, baba yako ana hoja. Wiki ya kwanza lala. Ila usiamini kwamba muda mwingi mtupu utajijaza wenyewe. Kiwanda cha kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, kilipofungwa na karibu kila mtu akakosa kazi, watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuchunguza maisha ya pale, wakachapisha matokeo mwaka 1933. Wanaume waliokuwa na siku nzima mkononi walitembea polepole, wengi hawakubeba tena saa, na wakiulizwa walifanya nini tangu asubuhi walishindwa kueleza. Kuazima vitabu maktaba kulipungua, ingawa wasomaji walikuwa na muda kuliko wakati wowote. Wanawake, waliokuwa na kazi za nyumba zenye saa zake, hawakupotelewa na siku kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo usiwalalamikie sana wadogo zako. Ile nusu ya siku iliyoshikwa ndiyo itakayoipa nusu nyingine umbo. Zungumza na wazazi, mkubaliane saa zako zisizoguswa, saa tatu kwa siku zinatosha, na ziwe zilezile kila siku. Watafiti wale walikuwa na sharti jingine ninalolipenda: hakuna aliyeruhusiwa kukaa kijijini kama mtazamaji tu. Waligawa nguo, wakaleta huduma ya daktari, wakafundisha ukataji wa nguo. Nawe vivyo hivyo, mkutubi akiwa amelemewa na vitabu vya kupanga, weka dodoso chini umsaidie. Katika kupanga atakueleza mambo ambayo hayamo kwenye dodoso lolote.

Ikitokea kazi ya malipo, ya dukani au ya kuingiza data mahali, ichukue, utafiti uuhamishie mwisho wa wiki. Wanafunzi wengine huzificha kazi za namna hiyo kwenye wasifu wao na mimi huwa sielewi kwa nini. Aliyehudumia wateja wenye hasira miezi miwili amejifunza kitu. Unayepaswa kumkimbia ni anayekutoza pesa ili akupe nafasi ya kazi, iwe ni "ada ya fomu" au "dhamana ya sare". Na anayetaka ufanye kazi ya mwajiriwa kutwa nzima, miezi yote, bila senti, kwa ahadi ya "uzoefu", naye mwache. Kazi ya maktaba ni tofauti kwa sababu umeipangia mwisho wewe mwenyewe na ripoti ina jina lako.

Kila Ijumaa andika mistari michache kwenye daftari: nimefanya nini, nimekwama wapi, nimetokaje. Usipoandika, miezi sita baadaye utakumbuka tu kwamba "nilifanya utafiti fulani". Daftari hilo ndilo litakalokupa sentensi ya wasifu. Badala ya "Nina ujuzi wa utafiti na mawasiliano", uandike: "Niliandaa dodoso la maswali 12, nikahoji wasomaji 40 wa sasa na wa zamani wa maktaba, nikaandika ripoti ya kurasa 5 na kuiwasilisha kwa uongozi." Hesabu ziwe zako za kweli, kwa sababu mtu atakuuliza wale 40 uliwapataje. Vyeti vyako vyote uviweke mstari mmoja chini kabisa, au uvitoe.

Sasa ile kozi ya kulipia. Kabla hujatoa akiba, tafuta mada zake zilezile mahali pa bure: chuo kikuu cha MIT cha Marekani kimeweka vifaa vya masomo yake mtandaoni, na kozi nyingi za majukwaa ya Coursera na edX zina sehemu unayoweza kuisoma bila kulipa. Soma pale utakapokwama kwenye data yako, somo moja, urudi kazini. Ikiwa ripoti itakwisha na bado kuna kitu unachokihitaji ambacho kimo ndani ya ile kozi peke yake, nitakuwa wa kwanza kukwambia lipa. Kwa sasa akiba hiyo inunulie bando la kutuma majibu na uchapishe ripoti nakala tatu: moja ya mkutubi, moja ya mhadhiri atakayekuandikia barua ya utambulisho mwakani, na moja ya kwako. Mhadhiri mpelekee wiki ya kwanza ya muhula, kabla hajaanza kusahihisha.

Shangazi